Jini Kutoka Makambako

Mwanangu unayesoma, umewahi kumwogopa mtu unayempenda? Sisemi kuogopa kumpoteza, hilo tunalijua sote. Nasema kumwogopa yeye mwenyewe: macho yaleyale uliyoyasubiri wiki nzima, sauti ileile, lakini ukisikia viatu vyake barazani mwili unakusisimka kwa hofu kabla furaha haijapata nafasi.

Eveline alikuwa amefika hapo. Mchana ule wa mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya mtaa wao wa Mjimwema tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka, alikaa kwenye kochi sebuleni kwao Njombe, makoti mawili mwilini, mfuko wa nailoni mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na pedi ya kuchezea gemu, nyeusi, imechubuka pale kidole gumba kinapokaa, na skafu ya zambarau ambayo bado ilinukia marashi. Vitu vya Nasiri, kijana aliyempenda. Baba yake, Elieza, fundi seremala na mzee wa kanisa, alikuwa ametoa ruhusa moja tu.

"Aje mchana, mbele ya watu, achukue vyake, aondoke. Kesho asubuhi unakwenda Ipelele na shangazi yako. Huko utakaa mpaka utakapopona."

Huyo shangazi, Idda, dada yake Elieza, alikuwa ameshafika. Ipelele ni kule Makete, kwenye baridi inayoizidi hata yetu, na mtu wa huko hatembei bila sufi na sindano za kufumia. Aliketi mkabala na mlango wa chumba cha Eveline, anafuma sweta la kijani, sindano zinagongana, macho hayakai kwenye sufi. Na ndani ya chumba hicho alikuwamo mama, Hilda, anapanga nguo za safari. Aliingia baada ya chakula cha mchana, akajiwekea jiko la mkaa miguuni, akafunga mlango ili joto lisipotee.

Elieza mwenyewe alikuwa kwenye banda lake la useremala nyuma ya nyumba. Randa yake ilisikika ikipanda na kushuka juu ya ubao.

Ngoja nikueleze ugonjwa wenyewe. Tangu baridi kali ilipoanza, kuna kitu kilikuwa kinamjia Eveline chumbani mwake. Kilianza na kichwa kuuma. Kikafuata kifua kukandamizwa, kama gunia la viazi limewekwa juu yake na mtu kalikalia. Halafu hatua za mtu anayetembea kuzunguka kitanda. Mwisho akaja mwanamke. Alisimama kwenye kona, kati ya kabati na ukuta, shuka jeupe limemfunika mpaka kidevuni, anamwita jina polepole kama anayemwamsha mtoto. Asubuhi Eveline alikuwa anaamka anatapika. Hilda akawaza kile ambacho mama yeyote angekiwaza, akampeleka kupimwa. Walipoambiwa hana mimba, Hilda alimshukuru Mungu njia nzima. Walipofika getini akasimama ghafla. Kama si mimba, ni nini basi?

Riwaya ndizo zilizolaumiwa kwanza. Eveline alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale mjini, na hela ya nauli aliila kwa vitabu: mizimu, majini, wanawake wanaorudi kutoka makaburini kudai walivyodhulumiwa. Elieza akavikusanya vyote akavifungia stoo ya mbao. Mwanamke wa kona akaendelea kuja. Wazee wa kanisa wakaja kuomba. Siku hiyo nyumba ilijaa watu, milango ikashinda wazi, watu wanaingia na kutoka, na Eveline akalala kama mtoto mchanga. Wakashangilia. Kesho yake mwanamke akarudi, na safari hii alimkaribia mpaka Eveline akahisi pumzi yake usoni.

Ndipo shangazi Idda alipopiga simu kutoka Ipelele. "Kwani yule kijana wa Makambako mmemsahau? Yule wa msikitini, mwenye chumba cha magemu ya mashetani? Mtoto wenu karushiwa jini ili ampende. Mtoeni hapo haraka."

Na Eveline, nakuambia ukweli, aliamini. Ukishatishwa kwa muda mrefu unashika sababu yoyote unayopewa.

Alimfahamu Nasiri kwenye kundi la wasomaji wa riwaya, kwenye simu. Siku hiyo Eveline alikuwa ameandika maoni yake, marefu kama kawaida yake: "Mimi mzimu usio na sababu siutaki. Utokee kwa sababu kuna mtu kaukosea. Na mwandishi akinimalizia kwa kusema kumbe ilikuwa ndoto, sirudi kwake tena." Likaingia jina geni likajibu: "Dada, kwenye kitabu wewe umekaa tu unamtazama mwenzako anakwenda kufa. Cheza gemu yenye hadithi. Pale mkono ulioshika kitasa ni wa kwako. Ukifungua, umefungua wewe." Eveline akamjibu palepale: "Ukifa unarudi ulipoishia. Sasa woga gani huo? Kitabuni mtu akifa amekufa, na ninamlilia."

Ubishi ule ukatoka kwenye kundi ukahamia kwao wawili. Kwao Nasiri ni watu wa vipuri vya magari pale Makambako, na yeye alikuwa amepewa chumba nyuma ya duka akakifanya cha gemu. Eveline alikwenda siku moja kumshinda kwa maneno uso kwa uso. Nasiri akampa pedi akamwekea gemu moja ya baba anayemtafuta binti yake kwenye kijiji cha ukungu. Eveline aliuawa kila alipokaribia kisima, Nasiri akacheka mpaka watu wa dukani wakaja kuchungulia. Alipoiweka pedi chini Eveline akasema, "Gemu yako nzuri. Ila huyu baba haongei. Mtu anayemtafuta mwanawe angekuwa analia, angekuwa anamwita." Nasiri akaacha kucheka. Akamtazama muda mrefu, kope hazishuki, mpaka Eveline akajifanya anatafuta mkoba wake. Mapenzi yao yalianzia kwenye ule mtazamo, ikiwa unataka kujua.

Sasa hodi ikapigwa, na Eveline akaushika mfuko kwa mikono yote miwili.

"Karibu," shangazi akasema, na alivyolisema neno hilo, mtu angeweza kugeuza njia.

Nasiri aliingia na kofia ya sufi mkononi, nyusi zimelowa ukungu. Mrefu, mwembamba, ameinama kidogo kama anayeogopa kugonga dari.

"Shikamoo, shangazi. Kamwene."

"Marahaba. Hicho Kibena kakufundisha nani?"

Nasiri akamtazama Eveline. Eveline akatazama sakafu.

"Kaa hapo," shangazi akasema, akamwonyesha stuli iliyokuwa mbali. "Mzungumze nikiwasikia."

Eveline akausogeza mfuko mezani kwa vidole viwili. "Vitu vyako hivi hapa."

Nasiri hakuuangalia mfuko. Alimtazama Eveline usoni, palipotokeza mifupa ya mashavu, kisha mikononi.

"Unatetemeka."

"Baridi."

"Eve."

"Ni baridi, Nasiri. Chukua vitu vyako uende."

"Nitachukua. Lakini nimetoka Makambako dereva anaendesha kwa kubahatisha, hata pua ya gari haionekani. Niambie walau nimekosa nini. Simu hupokei. Ujumbe unasoma, hujibu. Kisha baba yako ananipigia, njoo uchukue pedi. Pedi, Eve! Mimi nina pedi chumba kizima."

"Sauti ipungue," shangazi akasema bila kuinua kichwa.

"Samahani, shangazi."

Eveline alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, mazuri, ya kuagana, kama yale anayoyapenda vitabuni. Yakapotea yote. Lililotoka lilikuwa moja.

"Nakuogopa."

Nimewaona watu wengi wakiumizwa, lakini wanaorudi nyuma kidogo, kama waliosukumwa kifuani, ni wale wanaopenda kweli. Nasiri alirudi nyuma hivyo juu ya stuli.

"Unaniogopa mimi?"

"Kuna kitu kinakuja chumbani kwangu. Mwanamke. Ananiita jina. Watu wanasema ni wewe uliyemtuma. Sijui. Nikifikiri hivyo nalia, nikiacha kufikiri anakuja. Nasiri, kama ni wewe, mwondoe. Sitakasirika. Mwondoe tu."

"Wallahi, Eve..."

"Usiape humu ndani!" Shangazi alisimamisha sindano.

"Sasa niseme nini, shangazi? Nikiapa kosa, nikinyamaza nimekubali." Akamgeukia Eveline, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anakuja wapi huyo mwanamke?"

"Nimekuambia, chumbani."

"Kazini kwako?"

"Hapana."

"Kanisani? Njiani? Ulipokuja kwangu mara ya mwisho?"

"Hapana. Kazini mpaka kichwa huwa kinapona."

"Jini lenyewe halipendi kelele za mashine ya kopi," shangazi akaeleza, kama mtu anayejua tabia za jirani.

Nasiri alisogeza stuli. "Kwenye gemu zote nilizocheza, kitu kilichotumwa kwa mtu kinamfuata mtu. Kisichotoka chumbani ni cha chumba. Unaanza kukagua chumba. Unafungua kabati, unaangalia chini ya kitanda, unaangalia nini kimebadilika..."

"Usinifanye gemu yako!" Eveline alisimama. Machozi yalikuwa yameshafika. "Kwako kila kitu ni gemu! Mimi nikifa kule ndani sirudi nilipoishia, umesikia? Nalala nimekumbatia Biblia, nasikia mtu anatembea, wewe unaniuliza habari za kabati!"

Randa ilinyamaza nyuma ya nyumba. Kisha ikaendelea.

"Sikufanyi gemu," Nasiri alisema taratibu. "Mtu akiniambia anatishwa, mimi najua njia moja tu, kuuliza kipo wapi na kilianza lini. Wewe vitabu vyako vingekufundisha nini hapa?"

Eveline alijifuta uso kwa mkono wa koti. Hata katika hofu ile, kuulizwa maoni yake kulimgusa mahali. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemuuliza anachofikiri. Walimuuliza alichokiona tu.

"Ningejiuliza anataka nini," alisema. "Mzimu una sababu. Huyu hataki kitu. Hadai, halalamiki. Ananiita tu kisha nazidi kuishiwa nguvu. Ningekuwa nasoma, ningesema mwandishi hajui kazi yake."

"Alianza kuja lini?"

"Baridi ilipoanza. Ile wiki nilikuwa nakohoa, baba akanizibia..." Akasita. "Baba akanizibia dirisha. Kwa sponji, na nailoni juu yake, akapiga misumari. Akaweka na mpira wa tairi chini ya mlango. Hata uzi wa upepo hauingii."

"Na siku ya maombi?"

"Mlango ulikuwa wazi siku nzima."

Walitazamana. Sio mtazamo wa mapenzi huo, ni wa watu wawili waliofika mbele ya mlango mmoja kwa njia mbili tofauti, na hakuna aliyejua bado kuna nini nyuma yake.

"Kwa hiyo sasa unamsingizia baba yako?" shangazi akasema. "Mtu kakuhangaikia usipigwe na..."

Kitu kilianguka chumbani. Kizito, kwa mshindo mmoja, kisha kimya.

"Mama?" Eveline akaita.

Sindano za shangazi zikateleza mapajani. Halafu ndani ya chumba ikasikika sauti ya Hilda, lakini si ya Hilda waliyemzoea. Nzito, imelegea, maneno yanavutwa.

"Ondoka kwa mwanangu... Nakuona hapo kwenye kona... ondoka..."

"Yesu wangu!" Shangazi aliruka akasimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza. "Limemhamia! Limemhamia wifi yangu!"

"Shangazi, nipishe."

"Hakuna kufungua! Ukifungua linatoka, linamkamata yeyote! Tuwaite wazee kwanza. Wewe kijana, rudi nyuma, ni lako hilo, umeliita kwa maswali yako!"

"Shangazi, mama ameanguka!"

"Kuanguka siyo kufa! Lisitoke tu!"

Mle ndani sauti ilikuwa inafifia. Wasichana wangapi vitabuni Eveline alikuwa amewagombeza, akiwa amejifunika blanketi, chai pembeni: we binti, mbona unafungua mlango, si ukimbie? Aliwaandikia hata kwenye kundi, wajinga hawa wanatuudhi. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni kwenye baridi ile, na mwili wake wote unamwambia kimbia. Lakini mle ndani alikuwamo mama. Hilo vitabu havikuwa vimemwambia, kwamba hufungui kwa ushujaa, unafungua kwa sababu huwezi kuishi ukiwa umesimama nje.

Alimshika shangazi yake mabega, mtu ambaye hajawahi hata kumjibu, akamsogeza pembeni kama kiti. Akafungua.

Chumba kilikuwa cha joto, kimetulia, hakina hata moshi. Mkaa ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa kuchomea mahindi. Hilda alikuwa sakafuni kati ya kitanda na sanduku, blauzi ya Eveline imekunjwa nusu mkononi, midomo imewiva kwa wekundu usio wa kawaida. Eveline alipopiga magoti, kichwa chake kikaanza kuuma palepale panapoumaga, na kwenye kona, kati ya kabati na ukuta, akahisi mtu.

"Nasiri!" Ndilo jina lililomtoka.

Nasiri alisimama kizingitini. Kijana wa kiume, chumba cha binti wa watu, wenyewe hawajampa hata ruhusa ya kukaa karibu. Ungedhani angesita zaidi. Alivuka. Akavuta nailoni ya dirishani, haikutoka, Elieza alikuwa fundi na misumari yake haichezi. Akajifunga kofia ya sufi kwenye ngumi akapiga palepale mpaka nailoni ikachanika na kioo kikavunjika. Upepo wa ukungu ukaingia kwa mlio. Akalishika jiko kwa vipini akalitupa nje kupitia dirishani, mkaa ukatawanyika kwenye majani yaliyolowa ukilia.

Elieza alikuja mbio na randa mkononi. Alichokikuta ni kioo chini, kijana wa Makambako ndani ya chumba cha bintiye, damu mkononi. Hakuuliza. Alimkaba shingo akamsukuma ukutani.

"Nyumbani kwangu! Nyumbani kwangu mimi!"

"Baba, mwache! Mshike mama! Mshike mama tumtoe nje!"

"Mzee," Nasiri alisema kwa pumzi iliyobaki, "niue baadaye."

Ndipo Elieza alipotazama chini. Alimwachia Nasiri, akaanguka magotini, akamwita mkewe jina la ujana wao, ambalo watoto hawakuwahi kulisikia. Walimbeba wote watatu, yeye kwenye mabega, vijana miguuni, shangazi nyuma yao anaomba kwa Kibena na Kikinga kwa pamoja, wakamlaza kwenye majani chini ya mti wa mapeasi. Hilda alikohoa. Akatapika. Akafungua macho akasema, "Kichwa," kisha akasema, "Eveline yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama."

"Mwambie aondoke yule."

"Ameondoka, mama. Ameondoka."

Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali. Muuguzi, mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya gauni lake jeupe, alimwekea Hilda hewa ya puani, akampima, akatoka nje kwenye benchi walipokaa wamebanana kama vifaranga. Aliuliza swali moja tu.

"Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?"

Shangazi akamtazama Eveline.

"Ndiyo," Eveline akasema. "Hata mimi nalala nalo kila usiku."

"Na dirisha?"

Elieza alikuwa anatazama viganja vyake. "Niliziba mimi," alisema. "Kwa mikono yangu hii. Mtoto alikuwa anakohoa."

"Mkaa una hewa yake mbaya, baba. Hainuki, haionekani. Inamwumiza mtu kichwa, inamtapisha, inamwonyesha vitu visivyokuwepo. Baridi hii inatuletea wengi. Wengine wanakuja hawana tena la kutueleza." Akamtazama Eveline machoni, akamshika kidevu kama mtoto. "Na wewe ingia nikupime. Umekaa humo muda gani?"

Eveline alipotoka kupimwa, Nasiri alikuwa amefungwa bandeji mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa unatetemeka wazi mbele za watu. Alijaribu kuuficha kwenye mfuko wa koti. Eveline akaketi karibu naye, akiacha nafasi ya mtu mmoja kwa heshima ya wazee.

"Unaogopa," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Tangu uliposema unaniogopa. Bado sijapoa."

"Mkaa, Nasiri. Woga wote ule. Ningeisoma kitabuni ningekitupa ukutani."

Nasiri alitaka kucheka, ikamshinda. "Hata kwenye gemu ningesema wamenidanganya." Kisha akamgeukia Elieza, akasimama. "Mzee, nimevunja dirisha lako."

"Nimeliona," Elieza akasema. Akasogea kumpa nafasi, akaongeza, "Kaa, mwanangu. Utaanguka."

Neno lile, mwanangu, lilipita benchini kama joto. Eveline hakuthubutu kugeuza kichwa. Lakini shangazi Idda naye alikuwa amelisikia. Alikuwa amelia, amenyamaza, amejifuta, na sasa alikuwa amerudi kuwa yeye.

"Mkaa ni mkaa," alisema. "Nimekubali, nimekosea, kijana anisamehe. Lakini moyo wa huyu mtoto je? Binti wa mzee wa kanisa amemganda kijana wa msikitini, hilo nalo ni mkaa? Watu watasema nini usharikani? Wajukuu wataitwa kina nani? Gari la kesho ni lilelile, Elieza."

Elieza alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amezeeka mchana mmoja. Alizungumza kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Eveline kuliko kelele.

"Shangazi yako hajasema uongo. Nilimchukia huyu kijana bure, na Mungu ameniona. Nitamshukuru maisha yangu yote. Lakini mwanangu, wewe ulikuwa mgonjwa. Hewa mbaya imekuwa kichwani mwako. Nenda Ipelele, upumue, ule, ulale. Ikishakutoka utamwona kama kijana mwingine yeyote mwema. Wala hakuna atakayekulaumu. Utasema nilikuwa naumwa, yaishe."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na ulikuwa mlango rahisi. Eveline aliuona. Nasiri naye aliuona. Aliinamisha kichwa, akaanza kuikunjua kofia yake iliyojaa damu na chembe za vioo, na hakusema neno la kumvuta.

Na hapo Eveline alielewa kitu kilichomtia aibu. Siku zote zile za kuteseka, pembeni ya hofu yake, kulikuwa na kona ndogo iliyotaka lile jini liwepo kweli. Jini likiwepo, basi si yeye aliyekwenda Makambako kwa hiari yake. Si yeye aliyesimama kanisani akiimba huku anasubiri simu itikisike kwenye mkoba. Angeombewa, angesamehewa, angebaki mtoto mzuri wa baba yake. Sasa jini halipo. Amebaki yeye peke yake na alichokipenda, na baba yake anayempenda amekaa mbele yake, macho mekundu, anamngoja aseme nilikuwa naumwa.

Moyo ulimpiga kuliko ulivyompiga mbele ya mlango wa chumba. Alishika ukingo wa benchi.

"Baba."

"Naam."

"Hewa mbaya ilinionyesha mwanamke kwenye kona. Nasiri haikunionyesha. Nilimpenda kabla ya baridi kuanza, baba, dirisha likiwa wazi." Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Siumwi. Sikutumiwa jini. Siendi Ipelele. Nimempenda mwenyewe, na ninataka anioe."